Rudia, Mara ya Mwisho

Saa kumi na moja jioni, jua limeshuka usawa wa ukuta wa uani, mwanga una rangi ya chai ya maziwa. Mwanetu amevaa kofia ya babu yake, imemfunika hadi nyusi. Amekalia ndoo iliyofudikizwa, fimbo mkononi. Yeye ni mwenye duka. Mdogo wangu, mama yake mzazi, ni mteja aliyekuja kukopa unga kilo mbili. Mimi nimeshika simu.

Alikuwa na mstari mmoja tu. Mteja akishamaliza kulia shida, mwenye duka anavua kofia, ananyanyua fimbo, anasema: "Mama, kukopa harusi, kulipa matanga!"

Mara ya kwanza alisahau kuvua kofia. Mara ya pili alipatia kila kitu, ikapita bodaboda. Mara ya tatu alicheka yeye, ya nne akacheka mama yake. Ya tano ilikuwa nzuri, lakini nikasema sauti imekuwa ndogo, akaze. Ya sita akawika jogoo wa jirani. Ya saba ulimi ukaanza kumgeukia, akawa anasema "kulipa harusi, kukopa matanga", na kila tulipomsahihisha ndivyo alivyozidi kuyapindua maneno.

"Rudia," nikamwambia. "Mara ya mwisho. Ukikosea tena leo hakuna soda."

Nilisema huku nacheka.

Yeye hakucheka. Aliitazama simu, si mimi, akauliza taratibu: "Mama mkubwa, ukisema mara ya mwisho, ni ya mwisho kweli?"

Ana miaka 6.

Mara ya nane aliweza. Ilitoka vizuri mno, na ule uchovu wa sauti ulimfanya afanane kabisa na mwenye duka aliyechoka na wakopaji. Tukaiweka mtandaoni. Kabla ya isha ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu, na binamu yetu aliyeko Muscat alipiga simu kuuliza huyu mtoto tulikuwa tumemficha wapi. Mdogo wangu alifurahi. Mtoto alikunywa soda yake, akalala hapohapo mkekani na kofia kichwani.

Hiyo ni wiki tano zilizopita. Lile swali lake bado halijaniachia.

## Mvulana mwenye manati

Wazo la kumrekodi lilikuwa langu, na najua lilikotoka.

Aprili 2025 nilisoma kwamba Jay North amefariki nyumbani kwake Florida, akiwa na miaka 73. Jina halikunigusa hadi nilipoona picha: nywele nyeupe kama pamba, unyoya umesimama utosini, fulana ya mistari, suruali ya mikanda mabegani, manati. Ndiye aliyemwigiza Dennis kwenye televisheni! Yule mtoto mtundu wa vibonzo vya Hank Ketcham, ambaye magazetini ana miaka mitano na nusu tangu 1951 na hajawahi kukua. Sisi wa Tanzania bara tulikuja kupata televisheni zetu mwaka 1994, kwa hiyo mimi nilimjua kwenye mikanda ya video, mikanda iliyochakaa hadi picha inatetemeka, tunakaa watoto kumi na mmoja mbele ya skrini moja.

Nikatafuta vipindi vya zamani mtandaoni, vile vya rangi nyeusi na nyeupe. Nikawa naviangalia jioni na mwanetu. Kiingereza hajui. Lakini mtoto anayetaka kumsaidia jirani na kila akisaidia anavunja kitu hahitaji mkalimani. Mwanetu alikuwa anacheka mpaka anagaragara. Jirani yule, Bwana Wilson, akishika kichwa, na yeye anashika kichwa.

Siku moja akasema, "Hata mimi naweza."

Na kweli anaweza. Hapo ndipo pagumu. Hatukumlazimisha mtu. Alitaka.

Jay naye alitaka. Alizaliwa Hollywood, Agosti 1951. Baba yake aliondoka nyumbani mtoto angali mdogo, mama akabaki kumlea peke yake kwa mshahara wa katibu muhtasi katika chama cha wasanii wa redio na televisheni. Alipokuwa na miaka 6, kulikuwa na kipindi cha watoto Los Angeles kilichoendeshwa na mtu aliyejiita Engineer Bill, na Jay alikipenda sana. Mama akatumia watu aliowajua kazini ili mwanawe aingizwe studio akakione kwa macho yake. Zawadi ya mama kwa mtoto, basi. Wakala mmoja akamwona huko, na safari ikaanza.

Tarehe 4 Oktoba 1959, Jumapili, kituo cha CBS kilirusha kipindi cha kwanza cha Dennis the Menace. Jay alikuwa na miaka 8. Mwanzoni alilipwa dola 500 kwa kipindi, na msimu wa mwisho dola 2,500. Vilipigwa vipindi 146 kwa misimu minne.

Hata zile nywele hazikuwa zake. Nywele zake za asili zilikuwa nyekundunyekundu, zikatiwa dawa mpaka zikawa nyeupe.

## Alichokisimulia baadaye

Jay North alikaa kimya kwa miaka mingi kabla ya kusema. Alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba mama yake alikuwa kazini kutwa, kwa hiyo aliyekuwa mlezi wake kwenye seti ni anti yake, pamoja na mume wa anti. Kwa masimulizi yake, alikatazwa kuchangamana na wenzake. Waigizaji wengine walikula pamoja, yeye alikula peke yake kwenye chumba chake cha kuvalia. Na akikosea mstari, ikabidi kurudia zaidi ya mara moja au mbili, alitishwa, kisha akapigwa.

Nilisoma hiyo sentensi nimesimama jikoni. Nikakaa.

Mara moja au mbili! Sisi siku ile tulifika nane.

Sijampiga mtoto, na sitampiga. Nimejiambia hivyo mara nyingi wiki hizi. Lakini kwenye maelezo yake kipigo kinakuja cha pili. Kinachotangulia ni kitisho. Na kitisho nilikuwa nacho mdomoni, kidogo, kitamu, kimefungwa ndani ya kicheko: leo hakuna soda.

Nilirudi kuviangalia vile vipindi, safari hii peke yangu, mtoto amelala. Sikuweza kucheka. Nilikuwa namtazama usoni kila anapomaliza mstari mrefu. Kuna mahali anaongea kwa kasi, maneno yanapangika kama shanga, hakosei hata moja, na zamani ningesema mtoto huyu ana kipaji. Sasa nilikuwa nawaza aliyesimama nyuma ya kamera, pembeni, mikono imekunjwa kifuani.

Mtu ataniambia namsomea usoni mambo yasiyokuwepo. Inawezekana. Watoto wengi wana uso wa namna ile wakiwa makini. Lakini siwezi tena kurudi nilikotoka.

## Neno anti

Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi, mama mkubwa na mama mdogo. Ndiyo maana nimeandika anti. Na nilivyosoma mara ya kwanza nililipita neno lile haraka, nikamtafuta mama. Tumezoea hivyo. Hadithi za watoto wasanii tunazijua: mama mwenye tamaa, baba mwenye mkataba, mtoto katikati.

Hapa mama hakuwepo. Alikuwa ofisini anatafuta riziki. Aliyekuwa karibu ni ndugu aliyeaminiwa, aliyejitolea muda wake, aliyejua ratiba, aliyempeleka na kumrudisha. Ndugu wa namna hiyo kwetu anaombewa dua.

Mdogo wangu anafanya kazi zamu mpaka saa tisa. Anayempokea mtoto akitoka shule ni mimi. Anayemlisha ni mimi. Anayemfundisha mistari, akiwa bado na sare, vumbi la njiani miguuni, ni mimi.

Nilikuwa nasoma hadithi yangu nikidhani ya mtu mwingine.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. California wakati ule haikuwa porini. Mtoto wa umri wa shule akifanya kazi studio alitakiwa apate saa 3 za masomo kwa siku, na mwalimu alikuwepo hapohapo kwenye seti, akiwa na jukumu la kuangalia ustawi wake pia. Saa zake za kazi zilikuwa na kikomo. Kulikuwa na mdhamini mkubwa, Kellogg's, kampuni ya nafaka za kifungua kinywa, ambaye hakutaka jina lake liguswe na kashfa. Kulikuwa na mwongozaji, wapiga picha, mafundi taa, watu wazima tele wenye watoto wao nyumbani. Sheria ilihesabu saa. Haikuweza kuhesabu kinachosemwa kwa sauti ya chini mlango ukiwa umefungwa.

## Nilijitetea

Wiki ya pili nilianza kujitetea, na nitauandika utetezi wangu hapa kwa sababu hauko mtupu.

Mimi mwenyewe nimefanya kazi utotoni. Nimeuza barafu za kwenye mfuko, chupa ya barafu ikinikata bega, kutoka nyumbani hadi stendi. Nikipoteza chenji nilisemwa. Kaka zangu walichunga mbuzi wa babu. Mtoto wa kwetu anafagia, anachota maji, anabeba mdogo wake mgongoni, na hakuna anayeita watu wa haki za watoto. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, lakini nani anaita ajira dakika ishirini za kucheza na kofia ya babu uani kwenu?

Basi tofauti iko wapi? Nilihangaika na swali hili siku nyingi, nikilipa jibu jioni na kulinyang'anya asubuhi.

Barafu zangu ziliisha. Chupa ikiwa tupu, kazi imekwisha, naweza kukasirika, kulia, kucheza rede, kununa mpaka kesho. Uso wangu ulikuwa wangu. Mteja alinunua barafu, akaondoka na barafu.

Jay aliuza utoto wenyewe. Furaha yake, utundu wake, ule mwendo wa mtoto asiye na hofu. Ilimbidi autoe kila siku ukiwa mbichi, na ukipungua, ulitolewa kwa vitisho. Alikuwa anapigwa ili aonekane mtoto ambaye hajawahi kupigwa.

Na akikua je? Dennis wa vibonzo ana miaka mitano na nusu milele. Kipindi kilipokwisha Julai 1963, Jay alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 12, bado anavalishwa mikanda ya mabegani. Kila mama duniani anafurahi mtoto akirefuka. Kwenye kazi ile, urefu ulikuwa kasoro.

Februari 1962 kulitokea kifo. Joseph Kearns, aliyekuwa Bwana Wilson, alifariki ghafla msimu wa tatu ukiendelea. Akaletwa Gale Gordon kama ndugu yake, John Wilson, na kipindi kikaendelea. Nafikiria mtoto wa miaka 10: mtu aliyefanya naye kazi karibu kila siku kwa misimu mitatu amezikwa, na yeye anatakiwa kuanza kumsumbua jirani mpya kwa uchangamfu uleule. Kwetu hata redio tunazima msiba ukiingia.

## Mtoto aliyesema "hatusemi hivyo"

Nisingetaka mtu aondoke hapa akidhani kila mtoto wa televisheni ile aliumia.

Ron Howard alianza kuigiza Opie kwenye The Andy Griffith Show Oktoba 1960, akiwa na miaka 6, umri wa mwanetu kabisa. Alicheza misimu minane. Amekuwa mwongozaji mkubwa wa filamu, akapata tuzo ya Oscar mwaka 2002. Baba yake, Rance Howard, alikuwa mwigizaji pia na alikuwa naye kwenye seti. Ron amesimulia kwamba mwanzoni Opie aliandikwa kama watoto wengine wa vichekesho, mjuaji, mwenye majibu ya kuwashinda wakubwa. Rance akawaambia waandaaji: vipi kama mtoto huyu anamheshimu baba yake? Andy Griffith, nyota wa kipindi aliyeigiza baba wa Opie, akalikubali wazo hilo.

Halafu kuna kisa kingine anachokisimulia, na mimi nakipenda kupita kiasi. Ron akiwa na miaka kama 7, aliwaambia wakubwa kwamba mstari wake hausikiki kama mtoto anavyosema. Wakamuuliza, basi mtoto angesemaje? Akasema. Wakaubadilisha. Akabaki anatabasamu, na Andy alipomuuliza anatabasamu nini, akajibu kwamba hilo ndilo pendekezo lake la kwanza kukubaliwa. Andy akamwambia ndilo la kwanza lililokuwa na maana.

Nimeirudia hadithi hii kichwani nikiwa kwenye daladala, nikikoroga ugali, nikisubiri foleni ya benki. Watoto wawili, mji mmoja, miaka ileile, kazi ileile. Mmoja akisema mstari una kasoro, unabadilishwa mstari. Mwingine mstari ukimshinda, kasoro ni yeye.

Sikuwahi kumuuliza mwanetu kama mwenye duka anasema hivyo.

## Marudio

Baada ya Dennis kazi hazikumwisha Jay moja kwa moja. Alipelekwa India akiwa kijana kuigiza tamthilia ya Maya iliyorushwa 1967, akiigiza na kijana wa Kihindi, Sajid Khan, na tembo. Aliweka sauti kwenye katuni. Lakini watu walipomwona walimwona Dennis, na Dennis alikuwa bado yupo hewani, kwenye marudio, miaka nenda miaka rudi.

Marudio. Neno hili la kwetu limenisimamisha zaidi ya lolote katika kuandika makala hii. Mtoto alitishwa ili asirudie, kisha akarudiwa na mashine maisha yake yote. Mikataba ya waigizaji wa televisheni ya Marekani ya kabla ya 1974 ililipia marudio machache tu, baada ya hapo kituo kingeweza kurusha kipindi mara elfu bila mwigizaji kupata senti. Kwa hiyo mtu anakaa nyumbani amefikisha miaka thelathini, hana kazi ya uigizaji, anawasha televisheni na kujikuta mle ndani ana miaka 9, anachekesha.

Mwaka 1977 alijiunga na jeshi la majini. Alitoka 1979. Miaka iliyofuata alikuwa na hasira iliyomtafuna, na aliisema hadharani.

Januari 1990, Rusty Hamer alijiua akiwa na miaka 42. Huyu alikuwa mtoto wa kwenye kipindi cha Danny Thomas, kuanzia 1953 hadi 1964, na alisifiwa kwa jinsi alivyojua kuachia kichekesho kwa wakati wake. Kifo hicho kilimtikisa Paul Petersen, aliyekuwa kijana wa kwenye The Donna Reed Show, na mwaka huohuo akaanzisha shirika la A Minor Consideration ili watoto wasanii wa zamani watafutane kabla hawajapotea. Miongoni mwa waliotafutwa ni Jay North. Aliyekwenda kumtafuta pamoja na Petersen ni Jeannie Russell, yule msichana aliyeigiza Margaret, mtoto jirani aliyekuwa akimkera Dennis kila wiki.

Waliokuwa wakifanya kazi seti moja wakiwa watoto, mmoja akila kwingine. Wakaja kuketi pamoja wakiwa na miaka karibu 40.

## Asilimia 15

Nilimweleza mdogo wangu haya yote Ijumaa moja, tukichambua mchicha. Nilianza na fedha kwa sababu fedha ni rahisi kusema.

Nikamwambia habari za Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na Chaplin kwenye The Kid mwaka 1921. Alichuma mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia, na kwa sheria ya wakati ule jasho la mtoto lilikuwa mali ya mzazi. Aliwashtaki 1938, akaambulia dola 126,000. California ikatunga sheria mwaka 1939 kwa sababu yake, lakini iligusa tu mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa, kwa hiyo watoto wengi wa televisheni ya mwanzo hawakuwa chini ya kivuli chake. Ilichukua mpaka tarehe 1 Januari 2000, baada ya Petersen na wenzake kupiga kelele miaka kumi, sheria mpya kusema kwamba chumo la mtoto ni la mtoto, na asilimia 15 lazima ifungiwe kwenye akaunti isiyoguswa hadi afikishe miaka 18.

Mdogo wangu aliacha mchicha. "Na hiyo themanini na tano?"

Ni ya kwake pia, nikamwambia, isipokuwa haijafungiwa.

"Dada, mimi viatu vya shule nimemnunulia kwa ile ya mwezi uliopita." Duka moja la vitambaa lilitutumia fedha kidogo ili mwenye duka wetu avae kanzu yao. "Viatu ni vyake. Ada ni yake. Kodi ya chumba anacholala ni yake au yangu? Umeme anaoangalia katuni? Wewe nieleze mstari unapita wapi, niuchore."

Sikuweza kumchorea.

Akaendelea, na hapa sauti yake ilibadilika: "Unadhani mimi napenda kukuachia mtoto kutwa nzima?"

Tulimaliza mchicha bila kuongea. Nilitaka kumwambia kwamba jambo lililokuwa kooni mwangu halikuwa fedha kabisa. Jay North katika mahojiano yake alirudi mara nyingi zaidi kwenye kile chumba na ile sauti kuliko kwenye hundi. Nilitaka kumwambia kuhusu soda. Sikumwambia siku hiyo. Nilimwambia Jumanne, kwenye simu, akiwa kazini, kwa sababu ana kwa ana nilishindwa. Alinyamaza, halafu akasema, "Mimi nilikuwepo, dada. Mimi ndiye niliyecheka mara ya nne, tukarudia."

Tumefungua akaunti ya mtoto. Tumekubaliana nusu, kwa kuwa hatukujua nambari nyingine. Ile kazi ya duka la vitambaa hatujaendelea nayo, ingawa wamepiga mara mbili, na sitajifanya kwamba fedha yao haikuonekana ilipoingia au kwamba haionekani sasa isipoingia.

## Lake Butler

Jay North alihamia mji mdogo wa Lake Butler, Florida. Huko alifanya kazi katika mfumo wa serikali wa vijana waliovunja sheria, akiwa ofisa anayelinda wavulana walioshindikana majumbani mwao na shuleni.

Watundu. Kazi yake ilikuwa kukaa na watundu wa kweli, wasio na mistari ya kukariri.

Natamani kujua aliongea nao vipi. Namwona akiingia asubuhi, mtu mzima mnene kidogo, nywele za rangi yake mwenyewe, na mvulana fulani hamjui kabisa, anamwona askari tu. Nadhani kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa pumziko. Ni dhana yangu, na nimeikumbatia.

Jumapili iliyopita mwanetu alikuja mwenyewe na kofia ya babu. Hatukuwa tumerekodi tangu siku ile. Mdogo wangu alikuwa anaanika nguo. Nikamuuliza mtoto, hivi mwenye duka wa pale kona, mtu akienda kukopa, huwa anasemaje?

Akafikiri. Akasema: "Yule hasemi kukopa harusi. Anasema, 'Mama, daftari limejaa, njoo mwaka kesho.'"

Mama yake aliangusha kibanio cha nguo kwa kicheko.

Basi tukamwachia daftari lake. Alikalia ndoo, akavua kofia, akafunua daftari la shule kama mtu anayesoma hukumu, akasema mstari wake mara moja. Kisha akashuka, akauliza kama naweza kumshikia fimbo, akakimbia. Wenzake walikuwa wanamwita kwenye mpira.

Niliangalia nilichorekodi. Upepo ulikuwa mkali, sauti haikuingia vizuri, neno "limejaa" limemezwa. Mdogo wangu alikuja akachungulia begani kwangu, akasikiliza mara mbili, akanitazama.

Mtoto alikuwa ameshavuka barabara.